Uji Chini ya Jina Lake

Alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Naliweka hilo wazi mapema ili mtu asije akadhani hii ni hadithi ya mbunge aliyeanguka. Hakuanguka. Redio ya kibanda changu cha mabango ilitangaza saa nne asubuhi, msimamizi wa uchaguzi akisoma tarakimu za jimbo letu polepole, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Nilikuwa nimeinamia kibao cha duka la viatu. Jina la Mheshimiwa lilipotajwa, tone la rangi lilidondoka katikati ya herufi V, na sikulifuta. Niliketi juu ya debe nikatukana kwa sauti, matusi ambayo mama yangu angeyasikia angenizaba kofi pamoja na miaka yangu arobaini na sita.

Miaka mitano nilikuwa nikiisubiri siku ya yeye kupigwa chini. Hata ndoo nilikuwa nimeshaiandaa. Ilikuwa chini ya meza, mpya, ndani yake sponji mbili ambazo sikuwahi kuzitoa kwenye nailoni. Kila mteja aliyeingia kibandani wiki ile aliniambia safari hii mtu wetu hatoboi, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Nieleze chuki yangu ilikoanzia, maana siyo ya siasa.

Watu huniita Brashi. Kibanda nilirithi kwa baba, aliyeandika vibao vya nusu ya maduka ya mji huu. Mama alikuwa mkunga. Mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina lake, ni Mama Mkunga tu, kuanzia wazee hadi watoto wanaojifunza kusema. Mheshimiwa mwenyewe alitolewa na mikono hiyo hiyo, tena alikuja miguu ikitangulia, na mama alimhangaikia tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Wodi ya wazazi ilijengwa na wanawake. Mama na baba walitoa kiwanja chao, wanawake wakabeba mchanga na mawe kwa ndoo, wengine na mimba zao. Jengo lilipokamilika, baba aliandika jina juu ya mlango, chini ya paa la baraza ambako mvua haifiki: WODI YA MAMA MKUNGA, kwa rangi ya bluu ya mafuta, kisha vanishi juu yake. Kifua kilikuwa kimeshamwanza. Alipanda ngazi siku nne, mimi nimemshika miguu, na kila herufi ilimgharimu pumzi. Alipofika A ya mwisho mkono ulikuwa umekwisha. Mguu wa kulia wa ile A ulishuka chini kuliko wenzake, upana wa kidole. Alitaka aifute airudie. Nikamwambia, "Baba, tutarekebisha kesho." Kesho yake hakutoka kitandani, na baada ya wiki saba tulimzika.

Halafu Mheshimiwa akapata ubunge kwa mara ya kwanza. Serikali ilikuwa imetoa tangi la maji kwa ajili ya wodi, na yeye akalishikilia. Alikuja sebuleni kwetu, akakalia kiti cha baba, akakunja nne.

"Tangi litafungwa nikiona jina langu mlangoni," alisema. "Na fundi yupo hapa hapa nyumbani. Sina haja ya kwenda mbali."

Nilimwambia akaliandike mwenyewe kwa ulimi. Mama akaninyamazisha.

"Wanawake wanajifungua kwa maji ya kuteka, mwanangu," aliniambia. "Paka."

Nikapaka. Nilifunika jina la mama yangu, mwandiko wa baba yangu, kwa mkono wangu mwenyewe, na juu yake nikaandika majina matatu ya Mheshimiwa kwa rangi nyeusi. Mama alisimama uani mpaka nikashuka. Akasema, "Baba yako leo amekufa mara ya pili," akaingia ndani. Tangu siku ile akienda wodini, na alienda kila siku kuwapa moyo wazazi ingawa alikuwa ameshastaafu, alipita chini ya mlango ule ameinamisha kichwa.

Kuna jambo ambalo hakulijua.

Sisi mafundi wa mabango tuna ujanja wetu kwa matangazo ya muda. Mwenye duka akitaka kuandika kwamba ndala zimepunguzwa bei mwezi huu, hatuharibu kibao chake cha kudumu. Tunapika uji mzito wa unga wa ngano, tunaupaka juu ya kibao, tunauacha ukauke, ndipo tunaandika tangazo juu yake. Mwezi ukiisha unalowesha kwa maji ya vuguvugu, uji unayeyuka, tangazo linavuka kama ganda, na kibao kiko chini yake kizima. Asubuhi ile, kabla mtu hajafika, nilikuwa nimepaka uji tabaka mbili juu ya herufi za baba. Mheshimiwa alidhani ameandikwa milele. Nilimwandika kama punguzo la bei ya ndala.

Lakini uji ni wa mwezi mmoja, miwili. Sijawahi kusikia fundi aliyeuacha miaka mitano. Nilikuwa nikienda pale nikijifanya nakagua rangi, kumbe natazama kama mende wameutafuna. Sista, muuguzi mkuu wa wodi, nilimwambia ile rangi haipatani na maji, wapanguse vumbi kwa kitambaa kikavu tu.

Mama sikumwambia. Nilijiambia kwamba uso wake haujui kuficha, kwamba angemnong'oneza Sista, na Sista angewanong'oneza wazazi. Ukweli ni kwamba angenikataza. Angesema Mheshimiwa akijua tangi litang'olewa, basi, yaishe. Mimi sikutaka yaishe. Nilitaka nimwoshe Mheshimiwa siku atakayoanguka, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, na nilitaka kisasi hicho kiwe changu.

Na sasa alikuwa ameshinda. Miaka mitano mingine. Ningeweza kuimeza, nina koo pana, isipokuwa kwa jambo moja. Mwezi uliotangulia daktari wa macho alinivuta nje ya chumba chake akaniambia jicho la kulia la mama limekwisha, na la kushoto halitaufikisha mwaka mwisho. Upasuaji hausaidii, mshipa wenyewe ndio unaokufa. Mama angekuwa kipofu kabla Mheshimiwa hajamaliza hata robo ya kipindi chake, na asingeuona tena mwandiko wa mumewe.

Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani. Mama alikuwa kando ya redio.

"Ameshinda," nikamwambia.

"Nimesikia. Yaliyooza ni macho, siyo masikio."

"Hutampa hongera?"

"Nilimpa uhai. Hongera akatafute kwa wengine."

Kabla sijavua viatu, Sista akapiga simu. Vijana waliokasirishwa na matokeo walikuwa wamepita wodini wakalivurumishia matope jina la Mheshimiwa, kisha wakatimua mbio. Nilikwenda mbiombio, na siyo kwa huruma. Matope ni maji.

Nilikuta ukuta umetapakaa. Nikaegemeza ngazi ya baba, ninayoiacha pale stoo siku zote, nikapanda. Rangi nyeupe niliyokuwa nimefunikia jina la mama ilikuwa ya bei poa, na kwa miaka ile ilikuwa imefanya nyufa nyembamba kila mahali. Pembeni, bonge moja la matope mabichi lilipogandia, maji yalikuwa yamepenya kwenye nyufa na rangi imejikunja kama utando wa maziwa. Nikaisukuma kwa kidole gumba. Ikateleza. Chini yake kulikuwa na bluu, yenye kung'aa, vanishi nzima kabisa.

Nikashika ngazi kwa mikono yote miwili. Uji ulikuwa hai! Nikachota matope nikaifunika ile bluu upesi.

"Wewe Brashi!" Sauti ilitoka getini. Alikuwa mpambe wa Mheshimiwa, tunayemwita Kipaza kwa sababu hata akikuuliza saa anakuuliza kama yuko jukwaani. "Ona walivyomfanyia mzee! Kesho saa tatu anaanza hapa ziara ya shukrani, waandishi wa habari wote wanakuja. Paka upya sasa hivi."

"Nikipaka sasa, kesho itakuwa mbichi," nikamwambia. "Atainua mkono kupunga, shati lote jeusi."

"Basi osha!"

Hapo ndipo nilipoiona nafasi yangu. Nakiri, nilisikia raha kuanzia unyayoni.

Nilishuka polepole. "Kaka," nikamwambia, "mimi nikiosha, nani atanipiga picha? Hebu fikiria. Kiongozi ametukanwa, ametupiwa matope, ameshinda. Anakuja, hagombi na mtu. Anakunja mikono ya shati, anapanda ngazi, anayaosha matope kwa mikono yake mwenyewe mbele ya kina mama wajawazito. Anayeweza kufanya hivyo ni nani katika nchi hii?"

Kipaza alinyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Nilimwona akiitazama hiyo picha kichwani.

"Ukurasa wa kwanza," akasema.

"Mimi ni fundi tu," nikasema. "Nyie ndio mnajua mambo haya. Ila matope yakishakauka ni magumu. Nitawalainishia kwa vitambaa vya maji ya moto kabla hajafika."

Kabla hajafika getini alikuwa ameshampigia bosi wake simu na wazo limeshakuwa lake. Nimepaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa maisha yangu yote, ndiyo kazi ya mwenye biashara, lakini siku ile nilimaliza chupa.

Asubuhi mama alikataa kwenda. Alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Nikamshangilie? Amenikalia kichwani miaka mitano, na sasa anaongeza mitano."

"Siyo kumshangilia. Njoo ukae tu, mama."

"Nitazame nini pale?"

"Nitazame mimi. Nimekuomba mara ngapi katika maisha yangu?"

Alifikiri. "Mara nyingi mno," akasema, lakini akavaa viatu.

Nilimweka kwenye kiti hatua sita kutoka mlangoni, upande ambao jicho la kushoto bado lilikuwa linafanya kazi. Kisha nikatandaza mataulo yaliyochovywa maji ya moto juu ya jina zima, mbele ya Kipaza, naye akawa ananihimiza nisiache sehemu. Nusu saa nzima nilikuwa nikiyabadilisha, na kila nililolitoa nililibandua taratibu kama bandeji. Ndoo yangu mpya ilikuwa chini ya ngazi, maji yana sabuni na mvuke.

Mheshimiwa alifika saa tatu na nusu akiwa na shati jeupe, kama nilivyomwombea kwa Mungu. Kamera zilikuwa tatu. Wazazi walikuwa wametoka nje na matumbo yao, majirani wamepanda ukuta wa uzio. Alisalimia kila mtu, akafika kwa mama.

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba," mama akamjibu, akitazama viatu vyake.

Hotuba haikuwa ndefu. Alisema wapinzani wake wana matope na yeye ana usafi, watu wakapiga makofi. Akakunja mikono ya shati mikunjo miwili, akachukua sponji, akapanda ngazi ya baba yangu. Mimi nikashika miguu ya ngazi. Niliinua macho nikaona visigino vyake pale pale nilipokuwa naona visigino vya baba, na nikamchukia upya, chuki ya moto kabisa, kama vile alikuwa amekuja sebuleni kwetu jana.

Mkupuo wa kwanza ulitoa matope. Wa pili ulitoa maji meusi.

"Rangi inatoka!" Kipaza akaninong'oneza.

"Ni matope," nikasema, kisha nikapaza sauti: "Kwa nguvu, Mheshimiwa! Sugua kwa nguvu, kamera ya kushoto haikuoni!"

Akasugua kwa nguvu. Sauti iliyotoka sitaisahau, ni sauti ya shuka bichi linapobanduliwa kwenye ukuta. Rangi ilivuka kipande kizima, na jina lake la kwanza na la pili yakamwangukia begani, yakaning'inia pale juu ya shati jeupe. Kwenye ukuta, bluu ikiwa mbichi kama ya juzi, kulikuwa na WODI YA MAMA.

Kisha mzazi mmoja akaanza kusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na wengine wakamfuata, mpaka ua wote ukawa unasoma kama darasa la kwanza.

Mheshimiwa hakugeuka. Alinisemesha kwa kona ya mdomo, chini kwa chini.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimeshika ngazi."

"Nitakufungia kile kibanda."

"Kifunge," nikamwambia kwa furaha. "Lakini mkono wenye sponji ni wako, kila kamera imeuona. Ukishuka sasa, kesho gazeti litaandika kwamba uliona jina la mkunga aliyekupokea duniani ukaliacha nusu. Tangi nalo liguse uone, hawa wote wamesoma."

Alibaki pale juu, sponji inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amesimama, hapandi wala hashuki. Nilitaka abaki hivyo mwaka mzima.

Ndipo mama aliposimama. Sijui alikuwa ameona kiasi gani kufikia hapo, lakini aliposema alisema kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu astaafu, ile ya chumba cha kujifungulia, isiyo na ukali wala nafasi ya kubishana.

"Usisimame katikati," alimwambia. "Endelea."

Mheshimiwa akageuza shingo. "Mama, mimi..."

"Bado herufi za mwisho, mwanangu. Osha."

Akaosha. Mbunge wa jimbo, mshindi kwa kura mia mbili na kumi na mbili, alitabasamu kwa kamera kwa meno yote, akaosha jina lake la tatu kwa mkono wake, M, K, U, huku mama akimhesabia pumzi kama mzazi wa mimba ya kwanza. Ilipotokea A, na ule mguu wake ulioshuka, nililia. Sioni haya kusema.

Alishuka akawa ameshajipanga. Wana vipaji hawa, huwezi kuwanyima. Akawaambia waandishi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yake ya ushindi, kwamba alikuwa amepanga siku nyingi kumrudishia Mama Mkunga heshima yake. Baadhi ya watu walipiga makofi. Damu ilinipanda kichwani, nikainua ndoo, na sijui ningefanya nini kama mwandishi mmoja asingemgeukia mama kumuuliza ana neno gani la shukrani.

"Huyu nilimtoa mimi," mama akasema. "Alikuja miguu mbele. Siku ile pia ilibidi nimsukume."

Kicheko kilichopasuka pale kilimsindikiza Mheshimiwa mpaka garini, na kipande cha jina lake bado kikiwa kimemganda mgongoni. Kipaza alimkimbilia akijaribu kukibandua. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikacheka na Sista, nikacheka na wazazi, nikayaokota maganda ya rangi chini nikayatia kwenye ndoo, na kila ganda nililikunja mara mbili kwa starehe yangu. Tangi lilikuwa pale pale. Hata yeye hakuwa mjinga wa kuligusa baada ya hapo.

Nilipogeuka nikamwona mama chini ya mlango. Alikuwa ameinua kichwa. Shingo yake ilikuwa imesahau kukaa hivyo, alikuwa amejishika kisogo kwa mkono mmoja, na jicho la kushoto analikaza, analifumba, analikaza tena.

"Ule mguu wa A," akasema. "Kumbe ulishuka hivi."

"Alitaka kuurekebisha. Nikamwambia kesho."

"Usiuguse."

"Siugusi, mama."

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila kunigeukia, "Ulitumia nini?"

"Uji wa ngano."

"Tangu siku ile ile?"

"Tangu siku ile ile," nikasema, na bado nilikuwa nimevimba kwa majivuno, nikisubiri anisifu. "Miaka mitano, mama! Hakuna aliyejua. Nilimngoja."

Akatikisa kichwa polepole. Sponji zangu zilikuwa zinachuruzika ndani ya ndoo.

"Miaka mitano nimepita hapa nimeinama," alisema, "nikiwa na macho mawili. Ungeniambia jina lipo chini yake, ningekuwa natazama."

Nikaweka ndoo chini. Mama alikuwa ameshaurudia ukuta, anafuata herufi moja moja kwa kidole hewani kuanzia W, na kila alipofika kwenye A ya mwisho alirudi mwanzo. Nilimletea kiti nikamshika bega mpaka jicho likamchoka.